Herufi za Kutisha Zinapofika Ringwani

Andika neno KATAA kwa fonti ya kutisha, zile ambazo kila herufi inaonekana imekwanguliwa kwa kisu au inachuruzika damu, kisha litazame kwa makini. A ya kwanza ina ufa unaoanzia kileleni na kushuka upande wa kushoto. A ya pili ina ufa uleule, mahali palepale. Ya tatu vilevile. Jicho lililoshtuka mwanzoni linatulia, kwa sababu limeshagundua kwamba hakuna kisu kilichopita hapo. Ni kompyuta inayorudia jeraha moja. Katika maneno mengi ya Kiingereza kasoro hii hujificha, maana herufi zake hutawanyika. Kiswahili hakiifichi. HATARI ina A mbili, SALAMA ina tatu, MARUFUKU ina U tatu. Silabi zetu karibu zote huishia kwa irabu, irabu zenyewe ni tano, na A inazipita nyingine kwa kujitokeza. Fonti iliyochakazwa kwa makusudi, ikiandika Kiswahili, hujifichua ndani ya neno moja.

Nimeanzia hapa kwa sababu herufi za namna hii hazikai mijini kwenye majalada ya filamu peke yake. Kwa miaka mingi zimepakiwa kwenye magari ya miradi na kupelekwa vijijini zikiwa na kazi nzito ya kumtisha mtu aache jambo. Kizazi cha mabango ya kwanza ya UKIMWI kinayakumbuka mafuvu na maneno mekundu. Mabango ya kupinga ukeketaji yakaurithi mtindo huo, na wembe wenye damu ukawa kama nembo yake Afrika Mashariki nzima. Mezani, wakati mradi unaandikwa, hoja huonekana haina tatizo: watu wataliona bango, wataogopa, wataacha. Ninataka kuifuata hoja hiyo mpaka inakotarajiwa kufanya kazi, katika kata kama Ringwani.

Ringwani ni kata ya wilaya ya Serengeti mkoani Mara, katika nchi ya Wangoreme. Ukivuka Mto Mara kuelekea kaskazini unaingia Tarime, kwa Wakurya. Kwa watu wa miradi, wilaya hizi mbili huandikwa kwa pamoja kwa sababu tatizo linalowaleta ni moja. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2015-16 ulionyesha kwamba katika mkoa wa Mara asilimia 32 ya wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa, wakati wastani wa Tanzania Bara ulikuwa asilimia 10. Sheria ipo tangu 1998, pale Bunge lilipopitisha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana. Ilimlinda msichana wa chini ya miaka 18 na kuweka kifungo cha kati ya miaka 5 na 15, au faini isiyozidi shilingi 300,000, au vyote viwili. Msimu unajulikana: Desemba, shule zikiwa zimefungwa, baada ya wazee wa mila kukaa na kuamua. Kwa hiyo hapa si mahali ambapo watu hawajui kinachozungumzwa. Bango linapofika, linakuta mazungumzo marefu yanayoendelea.

Herufi zenyewe zina historia inayostahili kusimuliwa, kwa sababu nayo ni historia ya mipango iliyokutana na mambo yasiyotarajiwa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 kompyuta zilikuwa zimezifanya herufi kuwa safi kupita kiasi. Waholanzi wawili, Erik van Blokland na Just van Rossum, walitaka kuzirudishia uhai. Mwaka 1989 walitengeneza Beowolf, fonti iliyokuwa na amri ndani yake ya kusogeza pembe za kila herufi kidogo kila inapochapwa, hivyo A mbili katika neno moja hazikulingana kamwe. Hilo ndilo jibu la tatizo la KATAA, na lilipatikana mapema sana. Lakini uchawi wake ulitegemea lugha ya mashine za kuchapia za wakati ule. Watengenezaji wa kompyuta walipobadilisha namna fonti inavyofikishwa kwenye printa, Beowolf ikapoteza uwezo wake na kubaki herufi mbovu zilizoganda. Miaka mingi baadaye ilibidi itengenezwe upya kwa njia ya kuipa kila herufi maumbo mengi yaliyochorwa tayari.

Mwaka 1991 van Blokland alitoa Trixie, iliyoigwa kutoka herufi za taipureta iliyochoka, na watazamaji wa televisheni duniani kote wakaizoea kupitia jina la tamthilia ya The X-Files. Mwaka 1995 ikatoka filamu ya Se7en ya David Fincher. Maandishi yake ya mwanzo, yaliyobuniwa na Kyle Cooper, yalikwanguliwa kwa mkono, yakatikisika kwenye kioo kana kwamba aliyeyaandika hakuwa mzima wa akili. Baada ya hapo kila mwenye tangazo la kutisha alitaka herufi kama zile. Mwaka huohuo Andrew Smith alichora Chiller, na hiyo ndiyo iliyotufikia sisi, kwa sababu Microsoft waliiweka pamoja na programu zao za ofisini. Stationari yenye kompyuta moja na printa, iwe katika mji wa Mugumu au wa Musoma, ingeweza kuwa nayo bila mwenye duka kuitafuta. Zikaja nyingine za bure kwenye intaneti, kama Creepster, na Nosifer inayodondosha damu.

Fonti za bure nyingi hukatiwa njia fupi. Huwa na herufi kubwa tu. Kila herufi huwa na umbo moja tu, ndiyo maana ufa unajirudia. Alama ya kibainishi inaweza kukosekana, na hapo neno ng'ombe linaharibika katika nchi ambayo ng'ombe ndiye mahari. Nyingine hazina hata tarakimu, jambo ambalo nitalirudia kwa sababu naliona kubwa kuliko yote. Na mtu akitaka kuandika lugha ya nyumbani badala ya Kiswahili, mambo yanazidi kubana: Kikurya kina irabu saba, na aliyechora fonti ya damu huko mbali hakuwa na sababu ya kuzifikiria mbili zilizozidi.

Mtazamaji wa Kitanzania naye alikuwa na shule yake ya kuzisoma herufi hizi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, filamu za video za Dar es Salaam zilipoanza kushamiri, Mussa Banzi alitoa Nsyuka, kisha Shumileta, filamu za mizimu na wanywa damu zilizokuwa na wapenzi wengi. Kanda zilisafiri na mabasi, zikaonyeshwa kwenye vibanda umiza, na nje ya kibanda kulibandikwa karatasi yenye jina la filamu katika herufi zinazochuruzika. Mtoto aliyesimama mbele ya karatasi ile alijifunza maana yake barabara: humu ndani utaogopa, halafu filamu itaisha na utarudi nyumbani kula. Herufi zile ziliahidi woga wenye mwisho, woga wa kulipia kiingilio. Mtu huyohuyo akikua na kuona neno UKEKETAJI limeandikwa kwa mtindo ule kwenye ukuta wa zahanati, jicho lake linamkumbusha kibanda. Sisemi kwamba atacheka. Nasema kwamba jambo zito limevishwa vazi ambalo yeye analijua kuwa la maigizo, na sidhani kama kuna mtu mezani aliyeuliza habari hiyo.

Sasa bango lenyewe. Tuseme limebuniwa vizuri kadiri inavyowezekana: neno KATAA kwa rangi nyekundu inayodondoka, chini yake UKEKETAJI kwa nyeusi nzito, na mstari wa nembo za wafadhili pembezoni. Limechapwa kwenye turubai la plastiki, limeviringishwa, limepita Mwanza na Musoma, limefika kwa mtendaji wa kata. Linafungwa kwa kamba kwenye ukuta unaoelekea barabarani. Picha inapigwa siku hiyo, watu wakiwa wamesimama mbele yake, na picha inaingia kwenye ripoti. Kwenye mpango kazi, kiashiria kilikuwa idadi ya mabango yaliyosambazwa. Kimefikiwa.

Baada ya hapo kazi inachukuliwa na jua. Ringwani iko chini ya digrii mbili kusini mwa Ikweta, na juu ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, mahali ambapo miale haina huruma kwa wino. Mashine ya kuchapa haina rangi nyekundu iliyo tayari. Inaichanganya kutoka wino wa majenta na wino wa njano. Wino hizo mbili ndizo hupauka kwanza zikianikwa juani. Samawati hudumu zaidi, na nyeusi, ambayo kwa kawaida hutokana na masizi ya kaboni, huzishinda zote. Ndiyo maana matangazo ya zamani ya soda na ya kampuni za simu barabarani yanageuka ya bluu kadiri miaka inavyopita. Lifikirie bango letu baada ya masika mawili. KATAA imebaki kivuli cha waridi, kisha imepotea. UKEKETAJI ipo pale pale, nyeusi, inasomeka vizuri kutoka ng'ambo ya barabara. Nembo za bluu nazo zipo. Amri imefutika na jina la tendo limebaki likitangazwa kwenye ukuta wa ofisi ya serikali.

Hapa ndipo ninapowaza jinsi mbunifu na jua walivyofanya kazi moja bila kujuana. Yule alilipwa kuzichakaza herufi ili zionekane zimeteseka. Jua likazichakaza kweli, na kwa kufuata kanuni zake likaondoa neno lile ambalo mradi mzima ulisimama juu yake. Kama neno KATAA lingeandikwa kwa nyeusi na fonti ya kawaida kabisa, lingekuwa bado linasema. Kama lingechorwa na mchoraji wa mabango kwa brashi na rangi ya mafuta juu ya bati, lingedumu zaidi, na A zake tatu zingekuwa tofauti bila yeye kujitahidi, kwa sababu mkono wa mtu haurudii. Mchoraji huyo yupo Mugumu, yupo Tarime mjini, anaandika majina ya maduka na ya shule. Bajeti ya mradi mara nyingi haimfikii kwa kuwa hana mashine ya risiti wala hawezi kusubiri miezi mitatu kulipwa.

Lakini naomba tusiishie kwenye wino. Tuseme bango halipauki, na herufi zake ni kazi ya bingwa. Je, lingetisha? Iko herufi moja inayotisha Tanzania nzima na haina fonti. Ni X nyekundu inayopakwa ukutani na watu wa barabara. Mistari miwili ya brashi, wakati mwingine imepakwa kwa haraka mpaka rangi inateremka ukutani yenyewe. Aliyesoma na asiyesoma wote wanaielewa. Tangu Sheria ya Barabara ya 2007 ilipopanua hifadhi ya barabara kuu kufikia mita 30 kutoka katikati kwenda kila upande, kaya nyingi ziliamka na kuikuta kwenye kuta zao. X ile inanyima watu usingizi kwa sababu nyuma yake kuna katapila, na kila mtu ameona au amesikia katapila likija. Ng'ambo ya Mto Mara, kuzunguka mgodi wa Nyamongo, watu wanaujua vizuri uhusiano wa alama na fedha: walipoona tathmini inakaribia wakajenga vibanda vya haraka na kupanda miche ili walipwe fidia, wakaiita tegesha. Watu wa huku wanasoma alama kwa kuangalia ni nini kinafuata baada yake. Ni wasomaji hodari. Bango la damu ambalo halifuatwi na chochote wanalisoma kwa uhodari huohuo.

Mwaka 1992 mtafiti wa Marekani Kim Witte alieleza jambo hili kwa nadharia ambayo bado inatumika katika elimu ya afya. Mtu akitishwa, alisema kwa ufupi wangu, hupima vitu viwili: hatari ni kubwa kiasi gani kwangu, na je, ninalo la kufanya ninaloliweza. Akijiona analo, hupambana na hatari. Akijiona hana, hupambana na woga wenyewe: anageuza uso, anakana, anamlaumu aliyemwambia. Mwaka 1998 yeye na wenzake walichapisha matokeo ya kuipeleka nadharia hiyo kwenye barabara kuu inayokatiza Kenya kutoka Mombasa kuelekea Uganda. Walikaa na madereva wa malori, matingo wao, wanawake wanaofanya biashara ya ngono na vijana, wakawaonyesha mabango na vipeperushi vya UKIMWI vilivyokuwa vikitumika. Vifaa vile vilifaulu kuwafanya watu waone hatari kuwa kubwa. Vilikuwa dhaifu katika kuwafanya waamini kwamba wana njia ya kujikinga inayofanya kazi na ambayo wao wenyewe wanaiweza. Woga ulikuwa wa kutosha, pengine kupita kiasi. Kilichopungua ni mahali pa kuupeleka.

Rudi sasa Ringwani ukiwa na swali hilo, ukamtafute msomaji wa bango. Ni nani hasa? Ngariba? Yeye analipwa kwa kila msichana, na anajua kuhusu damu kuliko mbunifu yeyote. Baba? Katika hesabu yake kuna ng'ombe, kwa sababu kwa mila ya eneo hili binti aliyekeketwa ndiye anayetolewa mahari nono. Kumwonyesha wembe hakumwondolei ng'ombe hata mmoja kwenye hesabu hiyo. Wazee wa mila? Kwao tendo lina adabu yake, lina baraka na lina mizimu ya ukoo nyuma yake, na bango lenye herufi za kishetani linawathibitishia tu kwamba aliyelileta hawaheshimu.

Anabaki msichana. Ana miaka kumi na miwili au kumi na mitatu, yuko darasa la sita, na anasoma Kiswahili vizuri kuliko wote hao. Yeye tayari anaogopa. Ameshasikia ndugu zake wakubwa wakisimulia. Lakini woga wake si mmoja, ni wa pande mbili, na upande wa pili ndio ambao bango halijauona. Anaogopa kuitwa msagane, jina la dharau la asiyepitia mila, linaloweza kumfuata kisimani, shuleni, na hata kwenye ndoa yake ambako anaweza kukatazwa kufanya baadhi ya mambo ya nyumba pamoja na wakwe. Anaogopa baba kumpiga mama kwa kumficha. Anaogopa njia ya usiku. Unapomwongezea woga wa damu kwa herufi kubwa bila kumpunguzia woga wowote kati ya ule alionao, hujamsaidia. Umembana katikati ya kuta mbili. Nikifikiria mtoto wa namna hiyo amesimama mbele ya bango letu, naona uchungu kwamba watu wazima wenye nia njema walikaa kikao kizima kuchagua mtindo wa damu.

Mkoa huu uliwahi kuwa na mradi uliofikiri kwa makini kuhusu herufi na msomaji wake. Kati ya 1968 na 1972, serikali na UNESCO waliendesha mradi wa majaribio wa elimu ya watu wazima katika mikoa minne ya Kanda ya Ziwa: Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi, ambayo leo ni Kagera. Vitabu vyake vya kusomea viliandikwa kufuatana na kazi ya mtu. Mkulima wa pamba alijifunza silabi kwa pamba, mvuvi kwa uvuvi, mfugaji kwa mifugo. Maandishi yalikuwa makubwa, maneno machache, na kila somo lilikuwa na kitu cha kwenda kukifanya shambani au majini. Uzoefu huo uliingia katika kampeni za kitaifa. Mwaka 1973 Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio na kusoma vijitabu. Kikundi kilijadili malaria au kichocho, kisha kikatoka kwenda kuchimba choo au kufyeka majani. Kampeni ile nayo ilizungumzia vifo, na kwa wingi. Lakini ukurasa wa kifo ulifuatwa na jembe.

Sidai kwamba kuacha mila ni kazi ya aina moja na kuchimba choo. Ninachokipenda katika miradi ile ni mpangilio wake: aliyeandika alianza na kile msomaji anachoweza kukifanya kesho asubuhi, kisha akachagua herufi za kukibeba.

Kwa msichana wa Ringwani, kipo cha kukifanya, na ndicho kinachonifanya nisikate tamaa na mabango. Mugumu kuna nyumba salama inayopokea wasichana wanaokimbia ukeketaji na ndoa za utotoni. Rhobi Samwelly, mwanamke wa mkoa huuhuu ambaye mwenyewe alikeketwa akiwa msichana na karibu apoteze maisha, ameongoza kazi hiyo kwa miaka mingi, na shirika lake la Hope for Girls and Women lina nyumba pia wilayani Butiama. Tarime kuna kituo cha Masanga, ambacho kila msimu huwakusanya wasichana, huwafundisha, na huwafanyia sherehe ya kuvuka utoto bila kukatwa. Polisi wana dawati la jinsia na watoto. Na kuna namba 116, simu ya bure ya mtoto, inayoendeshwa na C-Sema kwa kushirikiana na serikali.

Sasa iandike 116 kwa fonti ya kutisha. Moja zikichakazwa zinafanana na herufi I, na kwa mtu aliye mbali zinaonekana michirizi miwili tu ya damu. Sita ikipasuliwa tumbo inaweza kuwa nane, au sifuri, au G. Kama fonti haina tarakimu, kompyuta inaingiza za fonti nyingine bila kuuliza, na namba inaonekana kama kitu kilichobandikwa baadaye na mtu mwingine. Kitu kimoja kwenye bango zima ambacho kikikosewa hata kidogo hakina faida ndicho kilichowekwa rehani kwa ajili ya mtindo. Neno lenye herufi zilizopasuka bado litasomeka, kwa sababu ubongo unajaza pengo kwa kukisia. Namba ya simu haikisiwi.

Na kupiga simu ni mwanzo tu. Mtu wa upande wa pili atauliza: uko wapi? Kwa miaka mingi swali hilo ndilo lililokwamisha gari. Vitongoji vya Serengeti na Tarime havikuwa kwenye ramani yoyote ya maana. Dereva wa nyumba salama au polisi alitoka usiku akitafuta mti fulani, kanisa fulani, boma la fulani, kwenye njia ambazo hazikuandikwa popote. Mwaka 2015 ukaanzishwa Crowd2Map, mradi wa kuchora ramani za vijijini Tanzania. Watu wa kujitolea kutoka nchi mbalimbali walifuatisha barabara na nyumba kutoka kwenye picha za satelaiti, na wenyeji wakaweka kile ambacho satelaiti haioni, yaani majina. Kijiji hiki, kitongoji hiki, shule, duka, kisima. Ramani ile ni ya bure na huweza kupakuliwa kwenye simu ikatumika pasipo mtandao. Hope for Girls and Women wakaiunganisha na watu wao vijijini, wanakijiji waliopewa simu janja na mafunzo ya kupokea taarifa za ukatili na kuzifikisha haraka. Mradi huu nao ulikuwa na safari yake ngumu ya kutoka kwenye karatasi: simu zinahitaji chaji, watu wanahama, kitongoji kina majina mawili. Lakini kazi yake kuu ilikuwa kuandika, na herufi zake ni ndogo kuliko za bango lolote, jina jeusi kando ya nukta kwenye kioo cha simu. Jina hilo likiwa sahihi, gari linafika.

Tukilinganisha, bango la damu ni rahisi kulihesabu. Linapigwa picha. Linaonyesha nembo. Jina la kitongoji kwenye ramani halina sura ya kupiga picha, na msichana aliyefikiwa kabla ya alfajiri hapigwi picha, wala hapaswi kupigwa. Nadhani hiyo ni sababu mojawapo ya wembe na damu kuendelea kuchapwa mwaka baada ya mwaka. Anayechagua herufi za bango mara nyingi hamfikirii yule wa Ringwani, anamfikiria atakayeisoma ripoti, na huyo hajawahi kuona X nyekundu kwenye ukuta wake.

Kama ningeulizwa na mratibu wa mradi anayejiandaa kwa msimu ujao, ningemwomba aanze kwa mchoraji wa mabango wa hapo wilayani. Ampe bati, rangi nyeusi na nyeupe ya mafuta, na maandishi manyoofu yenye urefu wa kiganja: 116, bure, usiku na mchana. Chini yake jina la cheo cha mtu wa kumwendea katika kata, na mahali anapokaa. Kibao kisimame kwenye ukuta wa shule unaoelekea uwanjani, ambako msichana anaweza kukitazama kila siku bila mtu kujua anakitazama, na si kwenye ofisi ya mtendaji ambako akisimama dakika mbili ataulizwa amefuata nini. Walimu wajue namba ile kwa kichwa. Na kwenye bajeti kuwe na mstari mdogo wa kupaka rangi upya kila mwaka kabla ya Novemba kuisha, shule zikiwa bado hazijafungwa, pamoja na fedha ya mtu mmoja kuipiga namba hiyo akiwa amesimama pale pale mbele ya kibao, ili ijulikane kama inapokelewa.